Mwambie mama aiweke ndimu chini: jibu kuhusu vyombo vya shaba vya Wagiriki wa kale

"Salaam mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Mombasa. Mwaka jana nilibahatika kwenda Ugiriki, na katika makumbusho ya Thessaloniki nikaonyeshwa chombo kikubwa kinachong'aa kama dhahabu, kimezungukwa na sanamu za wanawake wanaocheza ngoma. Mwongozaji akasema ni shaba, na kilikuwa cha kuchanganyia divai. Hapohapo akaongeza kwamba kilikutwa kaburini kikiwa na mifupa ya watu. Mpaka leo sijaelewa. Nani anamweka mzazi wake kwenye chombo cha pombe? Tena sisi darasani tunafundisha kwamba vyombo vya Wagiriki ni vya udongo, vyeusi na vyekundu. Hivi vya shaba vilikuwa vya nani, vya wafalme tu? La mwisho: kaka yangu ni baharia, na miaka ya nyuma alinunua bandarini Piraeus kijibirika cha shaba kilichoshika ukijani. Aliyemuuzia alimwambia ni cha kale. Mama anataka kukisugua kwa ndimu na majivu kama afanyavyo dele lake la kahawa. Nimwache?"

Dada yangu, nianze na mama, maana lake haliwezi kungoja. Mwambie, kwa heshima zote, aiweke ndimu chini. Dele lake linaistahimili kwa sababu ni nene, ni zima, na limezoea kusuguliwa. Kijibirika cha kaka hatujajua bado ni kitu gani, na kama ni cha kale kweli, ule ukijani ndio ngozi yake. Nitakirudia mbele, na nitakueleza sababu.

Sasa swali lako kubwa. Nikikuelewa vizuri, kinachokutatiza ni jinsi watu wenye adabu walivyoweza kukitumia chombo kimoja kwenye karamu na kwenye mazishi. Ukikitazama kama sufuria ya jikoni, kweli ni jambo la kuchukiza. Lakini vyombo vya aina hii havikuishi maisha ya sufuria. Vilitolewa zawadi, vilishindaniwa, viliwekwa nadhiri kwa miungu, vilirithiwa, na vilibeba majina ya watu. Kazi yao kubwa ilikuwa kuunganisha watu na watu. Ukishika hilo, mifupa uliyoambiwa haitakushangaza tena.

Maana chombo ulichokiona ndicho krateri ya Derveni; krateri ni chombo cha kuchanganyia divai na maji, na Derveni ni mahali kilipokutwa. Ilipatikana mwaka 1962 karibu na Thessaloniki, wakati wa kazi za barabara, ndani ya kaburi la karne ya 4 KK. Kimo chake ni sentimita 90 na nusu, uzito wake kilo 40. Hakina dhahabu hata chembe, ingawa hukukosea macho.

Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo hapa. Tunasema shaba kwa waya mwekundu wa umeme, tunasema shaba kwa dele na sinia la manjano, tunasema shaba kwa medali ya mshindi wa tatu. Hizo ni metali tatu mbalimbali. Ya kwanza ni shaba nyekundu tupu. Ya pili imechanganywa na zinki. Ya tatu, ambayo vitabu vingine huiita bronzi, imechanganywa na bati. Si bati la kuezekea nyumba, ni lile madini lenyewe ambalo wanakemia huliita stani. Wagiriki nao walikuwa na neno moja, *khalkos*, na walilitumia kwa shaba tupu na kwa bronzi bila kuona tabu. Kwa hiyo mwongozaji alipokwambia "shaba" alisema kweli, ila neno lilibana mambo mengi.

Bati ndilo linalobadilisha rangi. Likiwa moja ya kumi ya mchanganyiko, wekundu unasogea kwenda manjano. Krateri ya Derveni ina bati takriban asilimia 15, ndiyo maana inang'aa kama dhahabu. Na hiyo ndiyo rangi aliyoiona mwenye chombo siku ya kwanza. Makumbusho yametuzoesha vyombo vya kijani na kahawia hadi tunadhani ukijani ni urembo wa Kigiriki. Ule ukijani ni kazi ya udongo, unyevu na miaka elfu mbili na zaidi. Katika ukumbi wa karamu wakati wa usiku, taa za mafuta zikiwaka, chombo kama kile kilikuwa kinawaka nacho.

Niruhusu nikae kidogo kwenye ufundi, kwa sababu kazi yangu ni metali na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Tumbo la krateri lilianza kama kisahani kinene kilichomiminwa. Fundi alikigonga kwa nyundo juu ya fuawe, kutoka katikati kwenda ukingoni, mzunguko baada ya mzunguko, kikawa kinatanuka na kuinuka taratibu. Bronzi ina tabia moja: ukiigonga inakakamaa, na ukiilazimisha inapasuka. Kwa hiyo kila baada ya muda aliirudisha motoni mpaka iwe nyekundu iliyofifia. Ikalegea, akaendelea. Bati likizidi, metali inakuwa ngumu zaidi na nyepesi kupasuka, na asilimia 15 ni nyingi. Aliyechagua mchanganyiko ule aliitaka rangi ya dhahabu na alijua atailipia kwa jasho la nyundo.

Wale wanawake wanaocheza hawakubandikwa. Wamesukumwa kutoka ndani. Chombo kilishikiliwa kwenye kitu kinachobonyea, kama lami, kisha fundi akaifuata michoro kwa nyundo na patasi butu, mara kwa ndani, mara kwa nje, mpaka mguu ukajitokeza, pindo la nguo likapepea. Hao ni wafuasi wa Dionysos, mungu wa divai, wakiwa wamepagawa. Dionysos mwenyewe ameketi na mkewe Ariadne, mguu wake ameutupa juu ya paja la mwenzake, mtu aliyestarehe kabisa. Lakini ulizitazama zile sanamu nne zilizokaa mabegani mwa chombo, chini ya shingo? Zile ni kazi nyingine. Zilifinyangwa kwa nta, zikafunikwa udongo, udongo ukachomwa, nta ikayeyuka na kutoka, na mahali pake pakamiminwa bronzi. Vishikio na kitako vilitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Halafu vikaunganishwa na tumbo.

Kuunganisha kulifanywa kwa ribiti, yaani misumari inayopondwa kichwa, au kwa lehemu ya bati na risasi. Lehemu huoza kabla ya bronzi. Tumbo nalo ni jembamba. Pengine halifiki unene wa ukucha wako mara mbili. Ndiyo maana makabati ya makumbusho duniani yamejaa vishikio vya shaba visivyo na vyombo: kile kilichomiminwa kizima kimebaki, kile kilichogongwa kwa nyundo kimeliwa na udongo. Likumbuke hili tutakapofika kwenye kijibirika.

Kuhusu udongo na shaba, mnachofundisha darasani si uongo, ila kimeegemea upande mmoja. Chungu kikivunjika hakina faida tena kwa mtu yeyote. Vigae vyake vinatupwa, na vigae havifi. Chombo cha shaba kikitoboka kinapelekwa kwa mhunzi, kinayeyushwa, kinageuka mkuki, sarafu, bawaba ya mlango. Miji ikitekwa, shaba ndiyo inayobebwa kwanza. Kwa hiyo wingi wa vyungu makumbushoni unatuonyesha kilichoweza kubaki, na hautuambii kilichothaminiwa. Wafinyanzi wenyewe walikuwa wakiigiza maumbo ya shaba: utaona chungu kina vidude vya duara penye kishikio, mfano wa vichwa vya ribiti, ingawa udongo hauhitaji ribiti.

Vya shaba vilivyotufikia vingi viliokolewa na mambo matatu: kaburi, shimo la hekalu, au safari ya mbali nje ya miji ya Wagiriki. Olympia, mahali patakatifu pa Zeus, imetoa vyombo vya shaba na vipande vyake kwa wingi mno, kwa sababu zawadi ya mungu haikuruhusiwa kutoka eneo takatifu. Ikichakaa ilifukiwa palepale. Na watu wa Makedonia kule kaskazini walikuwa na desturi ya kuwazika wakubwa wao na mali nyingi, wakati Athens ya enzi zake kuu haikuzika hivyo.

Umeuliza kama vilikuwa vya wafalme tu. Hapana, lakini pia usidhani kila nyumba ilikuwa na krateri iliyopambwa. Nyumba ya kawaida ilipika kwa vyungu vya udongo. Yenye uwezo kidogo ilikuwa na kipande kimoja au viwili vya shaba, birika, upawa, beseni, na hicho kilikuwa mali: siku ya shida kinauzika kwa uzito wake. Matajiri ndio waliokuwa na seti. Chombo kama cha Derveni kilikuwa cha watu wachache sana.

Kuhusu neno pombe, nalo linahitaji kusahihishwa kidogo. Jina krateri linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchanganya. Divai haikunywewa kavu. Iliingizwa kwenye krateri pamoja na maji, na wenye karamu walikubaliana kipimo. Kunywa bila maji kulihesabiwa ushenzi, na hata hatari. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anaandika kwamba Wasparta walidai mfalme wao Kleomenes aliingiwa na wazimu kwa sababu alijifunza kwa Waskithi, wafugaji wa nyika za kaskazini, kunywa divai isiyotiwa maji. Kwa hiyo chombo kilichosimama katikati ya ukumbi kilikuwa ishara ya kiasi na ya ushirika. Wote walichotewa mumo humo. Mimi naona hapo ndipo penye ufunguo wa swali lako.

Na kulikuwa na vingine vingi. Katika *Odyssey*, utenzi wa kale wa Homer, mgeni akifika, kijakazi humletea birika na kumnawisha mikono juu ya beseni kabla meza haijasogezwa. Wewe uliyelelewa pwani, ukamnawisha babu kwa birika na tasa, huhitaji mimi nikueleze maana ya tendo hilo. Kulikuwa na hidria, mtungi wa maji wenye mikono mitatu: miwili ya pembeni ya kunyanyulia na mmoja wa nyuma wa kumiminia. Mkono ule wa nyuma ndio uliopambwa zaidi; mara nyingi unakuta kichwa cha mwanamke kimechungulia ukingoni, kana kwamba anatazama maji ndani. Hidria ilichota maji kisimani, ilipokea kura, ilitolewa tuzo, ilihifadhi majivu ya maiti. Chombo kimoja, kazi nne. Kuna moja Metropolitan Museum, New York, ya karne ya 5 KK, imeandikwa mdomoni kwamba ni mojawapo ya tuzo za Hera, mungu wa kike, wa mji wa Argos.

Tuzo hizi zina historia ndefu. Katika *Iliad*, utenzi mwingine wa Homer, shujaa Achilles anapomzika rafiki yake Patroclus anaandaa mashindano, na zawadi ni sufuria na mitungi ya miguu mitatu, ile inayokaa motoni bila kuhitaji mafiga. Mojawapo inatajwa kuwa sufuria isiyoguswa na moto, imepambwa maua, thamani yake ng'ombe mmoja. Tazama maneno hayo: isiyoguswa na moto. Ina umbo la kupikia, lakini haikukusudiwa kupika. Palepale kwenye mieleka, mshindi anapewa chombo cha miguu mitatu chenye thamani ya ng'ombe 12, na anayeshindwa anapewa mwanamke, mfundi wa kazi nyingi, aliyekadiriwa ng'ombe 4. Kila ninapoufikia mstari huo nasimama. Ukiwafundisha wanafunzi uzuri wa vyombo hivi, wafundishe na mstari huo. Mikono iliyobeba hidria kisimani na iliyomwaga maji ya kunawa mara nyingi ilikuwa mikono ya watu wasiokuwa huru, na jamii ile iliweza kusema hadharani kwamba kipande cha shaba ni bora kuliko mtu mara tatu.

Kuna kisa cha mabaharia ambacho kaka yako atakipenda. Herodotus anasimulia kuhusu Kolaios, nahodha wa kisiwa cha Samos. Alikuwa anakwenda Misri, upepo wa mashariki ukamchukua, haukumwachia mpaka ukamvusha mlango wa bahari ya Mediterania na kumfikisha Tartessos, huko Hispania ya leo, mahali ambapo wafanyabiashara wa Kigiriki hawakuwa wamefika. Alirudi na faida kubwa sana. Watu wa Samos wakatoa fungu la kumi, talanta 6, wakatengenezesha chombo cha shaba cha mtindo wa Argos, ukingoni kimezungukwa na vichwa vya ndege-simba, nacho kimebebwa na majitu matatu ya shaba yaliyopiga magoti, kila moja dhiraa saba. Wakakiweka hekaluni kwa Hera. Faida ya bahari ikageuka shukrani inayoonekana na kila anayeingia.

Wasparta nao, kwa maelezo ya Herodotus huyohuyo, walitengeneza krateri ya kumzawadia Croesus mfalme wa Lydia, yenye kujaa mitungi 300, imepambwa viumbe kuzunguka ukingo. Haikufika. Wasparta walisema watu wa Samos waliipora baharini. Watu wa Samos walisema waliotumwa walichelewa, wakasikia Croesus ameshatekwa, wakaiuza wenyewe kisha wakasingizia kuporwa. Sijali sana nani alikuwa mkweli. Ninachokiona ni kwamba chombo cha shaba kilikuwa lugha ya mkataba baina ya dola mbili, na kupotea kwake kulizua ugomvi uliokumbukwa vizazi vingi.

Je, vyombo vikubwa namna hiyo vilikuwapo, au Herodotus alitia chumvi? Mwaka 1953 huko Vix, jimbo la Burgundy, Ufaransa, ilifukuliwa krateri ya shaba iliyotengenezwa na Wagiriki. Ina kimo cha mita 1.64, uzito wa kilo 208, inachukua lita 1,100 hivi. Ukisimama kando yake itakufika usoni. Shingoni imezungukwa na askari wenye ngao na magari ya farasi wanne, na kila kipande kina herufi ya Kigiriki nyuma yake, inayolingana na herufi iliyochongwa shingoni, ili mfungaji ajue askari yupi anakaa wapi. Mimi hizo herufi zinanigusa kuliko sanamu zenyewe. Unamwona fundi mmoja akimwachia mwenzake maelekezo. Na kaburi lile la mwaka 500 KK hivi, mbali sana kwa mwendo wa miguu na mashua kutoka karakana, lilikuwa la mwanamke wa Kikelti, mwenye mkufu mzito wa dhahabu, aliyelazwa kwenye gari la magurudumu. Kwa hiyo ukiulizwa darasani kama hivi ni vitu vya wanaume tu, jibu unalo.

Sasa turudi kwenye mifupa.

Wagiriki wengi waliwachoma maiti wao, kisha ndugu wakaokota mifupa, wakaiosha, wakaifunga katika kitambaa. Inahitaji pa kukaa. Utaiweka wapi? Kwenye kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo marehemu, au kilichoishuhudia nyumba yake. Huko Lefkandi, kisiwa cha Euboea, kaburi la karne ya 10 KK lililochimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa na mtungi wa shaba kutoka Cyprus, ukingo wake una michoro ya uwindaji, ndani yake mabaki ya mtu mkubwa aliyechomwa pamoja na nguo. Mtungi ule ulikuwa mkongwe tayari siku anazikwa. Ulikuwa umeshapita mikono mingine kabla yake. Katika kaburi la kifalme la Vergina, Makedonia, lililofunguliwa mwaka 1977, kulikuwa na chombo cha miguu mitatu kilichoandikwa kwamba kimetoka kwenye mashindano ya Hera wa Argos. Kilikuwa na umri wa karibu miaka 100 kilipoingia kaburini. Wafalme wa Makedonia walidai asili yao ni Argos. Basi chombo kile kilikuwa kama hati ya nasaba.

Na katika *Odyssey*, Achilles anapokufa, mama yake Thetis analeta mtungi wa dhahabu aliopewa na Dionysos. Ndani yake mifupa ya Achilles inawekwa, imetiwa divai isiyochanganywa na mafuta, pamoja na ya Patroclus. Rafiki na rafiki, mtungi mmoja, zawadi ya mungu wa divai. Mtu aliyesikia mashairi hayo tangu utotoni hakuona aibu kumlaza mpendwa wake kwenye krateri. Alimwona anampa heshima ya Achilles. Dionysos mwenyewe hakuwa mungu wa ulevi peke yake. Waliojiunga na ibada zake za siri waliamini ana neno la kuwaambia kuhusu kifo. Ndani ya krateri ya Derveni kulikuwa na mifupa ya mwanamume na ya mwanamke, na tumboni mwake kwa nje Dionysos ameketi na Ariadne. Ukingoni, kwa herufi za fedha zilizopachikwa ndani ya shaba, kuna jina: Astioun, mwana wa Anaxagoras, wa Larisa. Si la mungu wala la fundi. Larisa iko jimbo la Thesalia, mbali na pale. Kwa vyovyote vile chombo kilisafiri, na kilisafiri na jina la ukoo.

Basi, kijibirika.

Nakwambia wazi: sijakiona, na hata ungenitumia picha kumi nisingethubutu kutoa hukumu. Uwezekano mkubwa ni nakala. Maduka ya Athens na Piraeus yanauza nakala halali za kila namna, na nyingine hupakwa dawa ili zishike kijani upesi. Kuna mambo unayoweza kuyaangalia bila kukigusa sana. Tazama ndani kwa tochi: ukiona mstari wa mshono unaopanda kutoka chini hadi juu, kimemiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili. Kuta zikiwa nene sawasawa kila mahali, hakikugongwa kwa nyundo. Tazama hasa kiungo cha mkono na tumbo, pale panaposema mengi. Lakini jibu la uhakika linatoka kwenye kifaa cha eksirei kinachosoma metali bila kuikwaruza. Kikionyesha zinki nyingi, si cha Wagiriki wa kale; wao hawakutengeneza vyombo vyao kwa zinki.

Sababu ya kukataza ndimu ni hii. Shaba iliyolala ardhini au baharini hunywa chumvi. Chumvi ile hujificha chini ya ngozi ya kijani na kutulia. Asidi ya ndimu inaifungua ngozi, maji yanaingia, hewa inaingia, na chumvi inaanza kutengeneza asidi yake yenyewe inayokula metali kutoka ndani. Utaona unga mwepesi wa kijani kibichi ukimwagika kama unga wa muhogo, na hautakoma kwa kufuta. Mombasa kwa unyevu wake ni mahali pabaya kwa ugonjwa huo. Majivu nayo yanakwaruza, na pamoja na kutu yatafuta alama za nyundo na herufi kama zipo. Ukiona unga huo tayari upo, usingoje.

Kipelekeni Fort Jesus. Makumbusho yale yana watu waliozoea vitu vya metali vilivyookolewa kwenye Santo António de Tanna, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na watakueleza kwa kukitazama mkononi. Wakisema ni nakala, mpe mama akisugue apendavyo. Wakisema huenda ni cha kweli, kuna jambo zito: sheria ya Ugiriki ya sasa, namba 3028 ya mwaka 2002, na iliyoitangulia tangu 1932, haziruhusu kitu cha kale kutolewa nchini bila kibali. Kaka hakujua, naamini. Hapo msikiuze wala kukitangaza mitandaoni. Waombeni watu wa makumbusho wawasaidie kuwasiliana na ubalozi wa Ugiriki Nairobi. Najua inauma kuachia kitu ulichokinunua kwa jasho. Ila kitu kilichochimbwa kwa wizi kimeshapoteza nusu ya habari zake. Krateri ya Derveni ingetokea sokoni tu, bila kaburi na bila mifupa, mimi na wewe tusingekuwa na mazungumzo haya.

Wakati mnangoja, kishike kwa glavu au kitambaa kikavu, kifunge kwa pamba nyeupe, kiweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na mkae na kaka akiwa likizo, aandike anachokumbuka: mwaka, mtaa, muuzaji alisema kimetoka wapi, alimlipa kiasi gani. Kiambatanishwe na chombo. Ukishafika Fort Jesus, niandikie walichokiona kwenye kiungo cha mkono.